Namba ya Simu Yenye Kazi Nne

Barua za mwezi huu zimenijia kana kwamba zimeandikwa na watu wa ofisi moja, ingawa waandishi hawajuani. Wote wanalia na programu ambayo juzi ilikuwa nyepesi na leo haitaki kuguswa. Naanza na ile iliyonikumbusha kosa langu mwenyewe, kwa hiyo mnisamehe ikila nafasi kubwa.

Shikamoo Fundi. Huu ni mwaka wangu wa nne katika kazi ya kuandika programu. Ya kwetu inaandikisha wagonjwa wa kliniki za meno, inapanga miadi na kuwatumia ujumbe wa kuwakumbusha. Mwezi uliopita meneja aliniomba kitu kimoja tu: mgonjwa aweze kuwa na namba mbili za simu. Nikamwambia siku mbili zinatosha. Leo ni wiki ya tatu. Nilipoongeza namba ya pili, watu wakaanza kupata ujumbe mara mbili. Nikarekebisha, ripoti ya mwezi ikaonyesha wagonjwa wengi kuliko waliopo. Nikarekebisha tena, watoto wawili wanaotumia simu ya mama yao wakageuka kuwa mgonjwa mmoja mwenye meno arobaini. Meneja ananikumbusha kwamba mwaka wa kwanza mambo kama haya yalikwisha kwa alasiri moja. Je, tatizo ni mimi? — Aliyekwama

Marahaba, binti yangu. Tatizo si wewe. Wala meneja wako hasemi uongo, mwaka wa kwanza ilikuwa alasiri moja kweli. Ninyi wawili mnazungumzia programu mbili tofauti zenye jina moja.

Namba ya simu ilianza kama namba ya simu. Mtu alitaka kumpigia mgonjwa, akaongeza safu moja kwenye jedwali, akaenda zake. Kisha wakatokea wagonjwa wawili wenye jina moja, na mwenzako mwenye haraka akajiuliza: si kila mtu ana simu yake? Tuwatofautishe kwa simu. Hapo namba ikapata kazi ya pili, ikawa kitambulisho. Aliyetengeneza ripoti akatakiwa kuhesabu wagonjwa, akahesabu namba, kwa kuwa siku ile jibu lilikuwa lile lile. Kazi ya tatu. Na ukichungulia pale mgonjwa anapoingia kuangalia miadi yake, sitashangaa ukikuta namba hiyo hiyo ndiyo inayomfungulia mlango. Ya nne hiyo. Hakuna kikao kilichokaa kikaamua kwamba katika programu hii simu ni mtu. Uamuzi huo uliingia kwa kunyata, na haujaandikwa popote ila ndani ya msimbo wenyewe, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta, kipande hapa na kipande kule, katika faili ambazo hazitajani.

Sasa wewe umeletewa ombi la kubadili kazi ya kwanza, na zile tatu zimeshikamana nayo. Ndiyo maana ukiziba huku kunavuja kule.

Kinachokuchosha hukioni kwenye skrini. Soma faili moja moja na kila moja utaiona ina akili zake timamu. Ugumu umekaa katikati ya faili, katika yale ambayo moja inayategemea kwa mwenzake bila kuyasema. Piga hesabu kidogo. Programu yenye sehemu 10, ikiwa yoyote inaweza kumtegemea yeyote, ina jozi 45 za kuangalia. Sehemu zikifika 20, jozi ni 190. Zikifika 40, jozi ni 780. Programu imekua mara nne, mahali pa kushuku pamekua mara kumi na saba. Kisha kuna zile swichi za ndiyo au hapana tunazozipenda: kliniki hii inataka ujumbe asubuhi, ile haitaki kabisa, nyingine inataka siku za kazi tu. Swichi 10 zinazaa hali 1,024. Swichi 20 zinazaa zaidi ya milioni moja. Hakuna binadamu aliyezijaribu zote, hata wale wanaokuambia kwamba programu yao imejaribiwa yote.

Hili halikuanza na kizazi chako. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Meir Lehman alikuwa mtafiti IBM, na yeye na mwenzake László Bélády wakachunguza jinsi OS/360, mfumo endeshi mkubwa wa kampuni hiyo, ulivyokuwa ukibadilika toleo baada ya toleo. Mwaka 1974 Lehman akaanza kuyatoa aliyoyaona kama kanuni. Ya kwanza inasema programu inayotumiwa na watu lazima iendelee kubadilishwa, la sivyo itazidi kutowafaa. Ya pili inasema kila inavyobadilishwa inazidi kuwa tata, isipokuwa pale watu wanapofanya kazi ya makusudi ya kuipunguzia utata. Ziweke pamoja uone ulivyobanwa: kutoibadilisha ni kuiua, kuibadilisha ni kuitatiza. Njia pekee iliyobaki ni ile kazi ya makusudi, nayo haijawahi kuombwa na mteja hata mmoja.

Niliahidi kosa langu. Miaka mingi nyuma niliandika programu ya mishahara kwa mwajiri nisiyemtaja. Namba za wafanyakazi zilikuwa za tarakimu nne. Wakaajiriwa vibarua, nao hawakukatwa akiba ya uzeeni. Njia safi ilikuwa kuongeza safu ya aina ya ajira, lakini hiyo ingegusa fomu, ripoti na mafunzo ya makarani, na ilikuwa Alhamisi, mishahara inatoka Ijumaa. Nikapendekeza vibarua wapewe namba zinazoanza na 9. Kwenye msimbo nikaweka sharti: namba ikianza na 9, usikate akiba. Juu yake nikaandika maelezo ya maneno mawili, "ya muda". Ikafanya kazi vizuri sana. Nilipongezwa.

Miaka kumi na moja baadaye namba za wafanyakazi wa kudumu zikafika 9000.

Hakuna kilichopiga kelele. Programu haikuanguka, ililipa kila mtu kwa wakati. Ni mama mmoja wa idara ya ununuzi aliyeuliza kwa nini taarifa yake ya akiba ni tupu, na alipouliza ilikuwa imepita miezi saba. Wakati huo nilishahamia idara nyingine, wakaniita. Nilidhani nitafuta mstari mmoja. Nikakuta ile 9 yangu imenakiliwa mahali kumi na nne: kwenye likizo, kwenye saa za ziada, kwenye barua za ajira, hata kwenye programu ya geti iliyokuwa ikisoma jedwali letu bila mimi kujua. Kila aliyekuja baada yangu alihitaji kumtambua kibarua, akatazama nilivyofanya mimi, akaiga. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nami sikuambiwa. Wiki tano zilikwenda.

Wahenga wanasema yaliyopita si ndwele. Katika kazi yetu yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe.

Haya, ufanye nini. Acha kuhangaika na namba ya pili kwa sasa. Rudisha msimbo ulivyokuwa, usione haya. Tafuta kila mahali namba ya simu inapotajwa, kwenye msimbo, kwenye maswali ya hifadhidata, kwenye ripoti, na mbele ya kila mahali andika kwa kalamu: hapa inatumika kumpigia, kumtambua, kumhesabu au kumfungulia. Kazi hiyo ni ya siku mbili, tatu. Orodha hiyo ndiyo ramani ya programu ambayo hamjawahi kuwa nayo, nayo ndiyo utakayompelekea meneja. Usimpelekee maneno "utata" na "usanifu", mpelekee karatasi.

Kabla hujagusa kitu, andika majaribio yanayonasa programu inavyofanya leo, hata pale inapokosea. Mgonjwa mmoja mwenye miadi moja apate ujumbe mmoja. Watoto wawili wenye simu moja wahesabiwe vile wanavyohesabiwa sasa, hata kama ni ovyo. Majaribio haya hayasemi nini ni sahihi, yanakupigia kengele kitu kikibadilika bila wewe kukusudia. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuwa haionyeshi chochote kwenye skrini, kisha hulipa kwa usingizi wao.

Halafu mpe kila mgonjwa namba ya ndani isiyo na maana yoyote. Isiwe ya simu, isiwe na tarehe ya kuzaliwa, isianze na 9. Iwe namba tu, ambayo hakuna mtu wa nje atakayetaka kuibadilisha kwa kuwa haisemi chochote kumhusu. Hamisha kazi ya kumtambua iende huko, mahali pamoja pamoja, ukiachilia toleo kila unapomaliza sehemu. Kisha kuhesabu. Kisha mlango wa kuingilia, na huo uende nao taratibu kwa kuwa wagonjwa wamezoea. Namba ya simu ikibaki na kazi yake ya kuzaliwa, kuongeza ya pili kutakuchukua, nadhani, alasiri moja.

Tena ukiwa humo, hakikisha ni sehemu moja tu ya programu inayojua jinsi namba za simu zinavyohifadhiwa. Zingine ziulize swali: "nimtumie wapi ujumbe mtu huyu?" Mwanasayansi wa kompyuta David Parnas alilieleza hili mwaka 1972. Alishauri programu igawanywe kwa kuangalia maamuzi yanayoweza kubadilika, kila uamuzi ufichwe ndani ya sehemu yake. Wengi wetu bado tunagawa kwa kufuata hatua za kazi: soma, chakata, chapisha. Inapendeza kwenye mchoro, lakini kila hatua inalijua jedwali lote, na jedwali likibadilika hatua zote zinaugua.

Meneja wako huenda akakuuliza kama hili ndilo "deni la kiufundi". Mfano huo aliuleta mwandishi wa programu Ward Cunningham mwaka 1992: msimbo wa haraka ni mkopo, usipoulipa kwa kuurekebisha utalipa riba kila unapofanya kazi juu yake. Mfano mzuri, ila mimi nina manung'uniko nao. Mtu akikopa benki anajua kiasi na tarehe. Ile 9 yangu haikuwa na tarehe, na aliyeilipia hakuwa mimi niliyekopa, alikuwa yule mama wa ununuzi.

Fundi, mimi si mtaalamu wa kompyuta, ni msimamizi. Mfumo wetu wa ghala una miaka kumi na miwili. Vijana wangu wanasema hautengenezeki tena, tuutupe na kuandika upya, miezi sita. Niwakubalie? — Msimamizi mwenye mashaka

Mashaka yako yashikilie, ndugu yangu. Vijana hawakudanganyi kuhusu mateso yao, wanajidanganya kuhusu ile miezi sita.

Huo mfumo una mambo ya ajabu ndani yake. Kuna mahali, naweka dau, panaposema mzigo ukiingia baada ya saa fulani uhesabiwe wa kesho, isipokuwa kwa mteja mmoja. Kijana anayeusoma leo anaona uchafu. Lakini kuna siku mteja huyo alipiga simu akiwa na hasira, mtu akakesha, na mstari ule ndio jibu alilopewa. Nusu ya uchafu mnaouona ni kumbukumbu ya mambo mliyokwisha kujifunza. Mkiandika upya mtaanza bila kumbukumbu hiyo, na wateja watawafundisha tena, simu baada ya simu.

Kampuni ya Netscape ilipita njia hiyo hadharani. Mwaka 1998 walikuwa na kivinjari toleo la 4, wakaamua kukiandika upya karibu chote. Toleo la 5 halikutoka kamwe. La 6 lilitoka Novemba 2000, na katika muda huo Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, ilikuwa imeshajichukulia uwanja. Sisemi kuandika upya peke yake ndiko kulikowaangusha, mshindani wao alikuwa na nguvu nyingi. Lakini kwa zaidi ya miaka miwili walikuwa na mikono imefungwa, nao wenyewe ndio walioifunga.

Ipo njia ya tatu. Martin Fowler, mwandishi wa vitabu vya programu, aliipa jina la mtini mnyongaji mwaka 2004 baada ya kuona huko Australia mitini inayoota juu ya mti mwingine, ikateremsha mizizi, ikauzunguka, hadi mwenyeji akifa mtini umesimama wenyewe. Wekeni mlango mbele ya mfumo wa zamani, maombi yote yapitie hapo. Chukueni jambo moja, tuseme kupokea mizigo, liandikeni upya, na mlango ulipeleke kwenye msimbo mpya. Mengine yabaki kwa mzee. Likitulia, chukueni lingine. Na kila kinachohamia upande mpya, cha zamani kifutwe siku hiyo hiyo. Hapo ndipo wengi hushindwa. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo uhamisho uliishia katikati kwa sababu bajeti iliisha, tukabaki na mifumo miwili ya bidhaa zile zile, na mtu mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa kulinganisha namba za huku na za kule. Alikuwa mtu mwerevu sana. Aliacha kazi.

Kutupa kabisa kunafaa pale mfumo ni mdogo kiasi cha mtu mmoja kuuandika ndani ya wiki chache, au pale mashine na lugha unazotegemea zinakaribia kukosa wa kuzihudumia. Waulize vijana wako swali moja: ni jambo gani mmoja wenu anaweza kulihamisha na kulifikisha kwa watumiaji ndani ya wiki nne? Wakikupa jibu, waruhusu waanze na hilo. Wakisema haiwezekani kuhamisha moja bila yote, basi hawajauelewa mfumo wa zamani kiasi cha kuandika mpya.

Mimi ni mwanafunzi niliye kwenye mafunzo kazini. Nimekuta msimbo wa mistari kama elfu mbili usioitwa na kitu chochote. Mkubwa wangu amesema "usiguse kinachofanya kazi". Lakini haufanyi kazi yoyote! Nifute au niache? — Mgeni kazini

Thibitisha kwanza kwamba hauitwi. Angalia kazi zinazojiendesha usiku, ripoti za mwisho wa mwaka, na majina yanayoundwa wakati programu ikiwa inaendeshwa. Weka alama inayoandika kwenye kumbukumbu za seva endapo mtu ataupitia, usubiri. Ukithibitika umekufa, zika. Historia ya matoleo itautunza kwa yeyote atakayeuhitaji.

Na mkubwa wako mwambie kwa heshima habari ya Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa. Walikuwa na kipengele walichoacha kukitumia mwaka 2003 lakini msimbo wake ukabaki kwenye seva. Mwaka 2012 wakaandika kipengele kipya na kukipa swichi ile ile ya kile cha zamani. Seva zilikuwa nane, msimbo mpya ukawekwa kwenye saba. Asubuhi ya Agosti 1 swichi ikawashwa, na kwenye seva ya nane mfu akafufuka. Kwa dakika kama 45 ikawa inatuma maagizo ya kununua na kuuza bila kukoma. Hasara ilizidi dola milioni 440, na kampuni haikuendelea kusimama peke yake muda mrefu baada ya hapo.

Roketi ya Ariane 5 nayo, Juni 4, 1996, ilipotea chini ya dakika moja tangu iruke. Kilichoanza kuharibika ni hesabu ya kuweka sawa mitambo ya kuongoza roketi iliyorithiwa kutoka Ariane 4, ambayo kwenye roketi mpya haikuwa na kazi yoyote baada ya kuruka. Iliachwa ikiendelea. Namba ikawa kubwa kuliko nafasi ya biti 16 iliyotengewa.

Kwa hiyo msimbo usio na kazi hauwezi kuitwa salama kwa sababu tu umelala. Mkubwa wako ana haki ya kuogopa, ila aliogope jambo lenyewe. Fanya ufutaji kwa toleo la peke yake, usiuchanganye na kitu kingine, ili ikibidi kurudi urudi kwa hatua moja.

Fundi, kuna kipimo cha utata? Nataka namba nitakayomwonyesha bosi. — Mpenda takwimu

Vipo. Kinachojulikana sana ni cha Thomas McCabe, 1976: unahesabu njia zinazojitegemea ndani ya fanksheni moja, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake, ambayo kwa lugha rahisi ni kila "ikiwa" na kila mzunguko, ukiongeza moja. Yeye alipendekeza isizidi 10. Zana nyingi zitakuhesabia bure. Ila kumbuka kinapima ndani ya fanksheni, na nimeshasema hapo juu ninakoamini ugonjwa unakaa. Fanksheni yenye matawi 30 iliyojitenga kwenye kona yake hainikoseshi usingizi. Ile 9 yangu ilikuwa tawi moja kila mahali.

Mimi natumia kipimo cha kienyeji. Kila ombi dogo linapokamilika, naandika kwenye daftari ombi lilisema nini na niligusa faili ngapi. Baada ya miezi mitatu naangalia ni faili zipi huwa zinaguswa pamoja ingawa hazitajani. Jozi hizo ndizo ninazozishughulikia kwanza. Mwonyeshe bosi daftari, hasa ukurasa ambao ombi lilikuwa "badilisha neno moja kwenye kitufe" na idadi ya faili ikawa 11.